Elimu jumuishi ni ipi hasa?

Siku hizi kikao cha wazazi hakiishi bila mtu kusimama na kusema, "Shule yetu ni jumuishi, tuna kitengo." Makofi yanapigwa, ajenda inayofuata.

Elimu jumuishi ni mtoto mwenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzake wa rika lake, shule ikirekebisha ufundishaji, vifaa na majengo ili asome kweli. Basi.

Kitengo ni kitu kingine. Watoto wenye usonji au ulemavu wa akili wana chumba chao na mwalimu wao. Wenzao wanawaona mstarini asubuhi na kwenye foleni ya uji. Sikibezi. Mtoto kiziwi anayeanza lugha ya alama huenda akafaidi zaidi huko kuliko kwenye darasa la watoto mia na mwalimu asiyejua hata ishara ya "choo". Ila kiitwe kitengo.

Linaloniudhi zaidi ni lile linalofanana na ujumuishaji: mtoto anaingizwa darasa la kawaida, kisha anaachwa. Mwenye uoni hafifu yuko dawati la nyuma, ubao hauoni, ananakili kwa jirani, na ripoti ya muhula inamwandikia "aongeze bidii". Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ilifafanua ibara ya 24 ya mkataba ambao Tanzania iliuridhia 2009, ikatenganisha mambo manne: kunyimwa shule, kutengewa mahali, kuchanganywa na kujumuishwa. Anayechanganywa hutakiwa ajibadilishe aendane na shule. Akijumuishwa, shule ndiyo yenye kazi hiyo.

Mzazi akidai kazi hiyo ifanyike, anaambiwa anataka upendeleo. Upendeleo upi? Baraza la Mitihani lenyewe huwapa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwenye masomo mengine. Mama anayeomba hayohayo kwa jaribio la Ijumaa hajazua jambo.

Kwa hiyo mwalimu mkuu akisema shule ni jumuishi, muulizeni kwa adabu tu: mwanangu anakaa darasa gani, na humo ndani kimebadilishwa nini kwa ajili yake? Akijibu "tuna kitengo", mshukuruni kwa kitengo, kisha mrudie swali.