Unga wa maika ni nini, na unafaa kutiwa wapi

Unga wa maika ni vipande vidogo mno vya madini vilivyovishwa ngozi nyembamba ya rangi. Ukiusugua kidogo kiganjani, unaacha kuonekana kama unga na mkono mzima unameta. Ndiyo maana umependwa na watu wanaotengeneza vitu nyumbani: wapishi wa sabuni za kuogea Nakuru, vijana wa Kisumu wanaomimina resini (kimiminika kinachoganda kikawa plastiki ngumu) kwenye kalibu wapate vishikio vya funguo, na kina mama wa mishumaa ya sherehe. Wengi huagiza kwa kutazama picha ya rangi tu, na hapo ndipo fedha hupotea. Kabla ya kuuliza ni rangi gani inapendeza, jiulize rangi hiyo itaishi ndani ya nini.

Maika ni jina la jamii nzima ya madini ambayo huchanika kwa tabaka, moja baada ya nyingine, hadi ubaki na utando mwembamba unaopitisha mwanga. Itale linalopondwa kwa nyundo kuwa kokoto kandokando ya barabara za Vihiga mara nyingi huwa na vimulikaji vidogo vyeusi. Hao ni ndugu wa maika inayouzwa kwenye pakiti. Ile ya kutengenezea rangi kwa kawaida ni muskovaiti, ambayo haina rangi yake yenyewe. Husagwa na kuchekechwa. Vipande vyenye upana chini ya maikroni 15 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hutoa mng'aro laini wa kitambaa cha hariri, na vikubwa zaidi humetameta kila kimoja peke yake.

Rangi huja baadaye. Kila kipande hufunikwa kwa titani dioksaidi, kwa oksaidi ya chuma, au kwa zote mbili. Oksaidi ya chuma ni kutu, ile ile inayoupa udongo wa Kakamega wekundu wake, ila hii hutengenezwa kiwandani ikiwa safi. Titani dioksaidi ina ajabu yake. Yenyewe ni nyeupe, lakini ikipakwa kwa unene fulani juu ya maika hutoa rangi bila ya kuwa na rangi. Mwanga mmoja hurudi kutoka juu ya ngozi hiyo, mwingine hurudi kutoka chini yake, na mawimbi yanapokutana baadhi ya rangi huongezewa nguvu na nyingine hufutana. Ngozi nyembamba kabisa hutoa rangi ya fedha. Ikinenepa kidogo huja dhahabu, kisha nyekundu, kisha buluu, kisha kijani. Tofauti ya unene kati ya dhahabu na kijani ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Umeshaona jambo hili stendi baada ya mvua, doa la dizeli linapotandaa juu ya dimbwi likiwa na rangi za upinde wa mvua.

Kutokana na ujenzi huo unaweza kukisia tabia zote za unga huu. Unahitaji mwanga uingie na kutoka, kwa hiyo ukiutia ndani ya kitu kisichopitisha mwanga, mng'aro wake unazikwa. Hauyeyuki: vipande huelea tu ndani ya kile ulichovitia, na kikiwa chepesi vitazama chini. Tena ile ngozi ya rangi ina kemia yake, ambayo inaweza kuelewana au kugombana na mazingira.

Ugomvi mkubwa uko kwenye sabuni inayopikwa kwa kostiki soda na mafuta. Mchanganyiko mbichi ni mkali sana, na hata baada ya wiki za kukomaa sabuni hubaki na pH (kipimo cha asidi na ukali wa kostiki; 7 ni katikati) ya 9 au 10. Ngozi ya kutu na ya titani huvumilia ukali huo bila shida. Lakini watengenezaji wengi huongeza rangi nyingine juu ya maika ili ikolee, na hiyo ndiyo inayosaliti. Buluu inayoitwa ferosianidi ya feri ni mfano mzuri: kwenye pakiti ni ya kuvutia kama anga la jioni juu ya ziwa, ikikutana na kostiki huvunjika na kubakiza kahawia ya kutu. Buluu ya ultramarini hufanya kinyume. Haijali kostiki hata kidogo, ila haipatani na asidi. Ukiitia kwenye vidonge vya kuogea vinavyotoa povu, ambavyo vina asidi ya sitriki, itafifia na kutoa harufu ya yai bovu.

Kwa hiyo soma orodha ya viambato, usisome jina la rangi. Majina kama Waridi la Alfajiri ni ya kuuzia. Viambato vya rangi za vipodozi huandikwa kwa namba zinazofahamika duniani kote: maika ni CI 77019, titani dioksaidi ni CI 77891, oksaidi za chuma ni CI 77491 nyekundu, 77492 ya manjano na 77499 nyeusi, ultramarini ni CI 77007, na ile buluu ya kuvunjika ni CI 77510. Mwuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hizi, mimi nisingenunua kwake kitu cha kugusa ngozi ya mtu, hata akipunguza bei namna gani.

Hapa niseme jambo linalonikera kweli. Kuna wanaotia kwenye sabuni ya kuoga ile oksaidi nyekundu ya dukani, ya kupaka sakafu ya saruji. Ni oksaidi ya chuma, ndiyo, lakini haijasafishwa kwa ajili ya mwili, na inaweza kubeba risasi au aseniki. Sakafu haina ngozi. Mtoto anayeogeshwa anayo.

Ukishapata maika inayofaa, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo ya mafuta hutosha kuanzia. Ikoroge kwanza kwenye mafuta kidogo hadi isiwe na madonge, ndipo uimimine. Jua kwamba sabuni ya aina hii haipitishi mwanga, hivyo utapata rangi zaidi kuliko mng'aro. Mng'aro utaupata juu ya kipande, au kwenye mstari mwembamba wa unga ulionyunyizwa kati ya tabaka mbili. Wanaotumia sabuni tayari ya kuyeyusha na kumimina wana bahati zaidi, mradi wachague ile angavu. Ile nyeupe imeshatiwa titani dioksaidi nyingi, na maika humezwa humo.

Vipi rangi za jikoni na shambani? Manjano, ile bizari, hugeuka nyekundu yakikutana na kostiki, kisha hurudi kuwa ya njano na kufifia polepole kwenye mwanga. Biti na unga wa rosela havidumu. Vyote huishia kahawia. Mbegu za biksa, zinazolimwa Kwale, zikilowekwa kwenye mafuta hutoa rangi ya chungwa iliyo imara kuliko hizo zote. Makaa yaliyosagwa laini hayabadiliki kabisa.

Kwenye mishumaa jibu langu ni fupi: usitie maika ndani ya nta. Utambi hufanya kazi kwa kunyonya nta iliyoyeyuka, na vipande visivyoungua huziba nyuzi zake, moto ukadhoofika, ukatoa moshi, hatimaye ukazimika. Krayoni za watoto zina kasoro hiyo hiyo, ingawa watu hupenda kuzishauri. Mshumaa unataka rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Resini ndiyo nyumba halisi ya maika. Ni angavu, haina maji, na ikiganda hushika kila kipande mahali pake. Usivuke gramu 5 za unga kwa gramu 100 za resini, maana ukizidisha unaidhoofisha. Mara nyingi gramu 1 au 2 zinatosha. Usimimine ikiwa bado nyepesi kama maji, kwani unga utatulia wote chini ya kalibu. Ngoja ianze kuwa nzito. Rangi za maji, zikiwemo zile za kupaka keki, zisisogezwe karibu, kwa sababu maji huvuruga kuganda kwake. Na vaa barakoa unapopima unga. Ni mwepesi, hupeperuka, na mapafu hayajui kuutoa kwa urahisi.

Kuna kazi ambazo maika haina nafasi. Wachongaji wa Tabaka, kule Kisii, hupaka jiwe la sabuni rangi inayoyeyuka kwenye maji, ikaingia ngozi ya jiwe, kisha wakachonga michoro hadi weupe ukatokea chini yake. Maika ingekaa tu juu na kufutika, kwa kuwa haina gundi yake yenyewe. Vivyo hivyo nyuzi za mkonge na magugumaji yanayosukwa vikapu Kisumu huchovywa kwenye rangi inayopenya. Ukitaka maika imete juu ya kikapu, lazima uichanganye na vanishi.

Kuhusu midomo kuna masharti zaidi. Sheria za Marekani, kwa mfano, huruhusu maika kwenye vipodozi vya midomo lakini huzuia ultramarini na oksaidi ya kromi huko. Ukitaka kuuza mafuta ya midomo hapa, yafikishe Kebs, shirika la viwango la Kenya, kabla hayajafika sokoni Kibuye.

Uliza pia maika imetoka wapi. Nyingi huchimbwa Jharkhand na Bihar nchini India, na kusini mwa Madagaska, ambako watoto wamekutwa wakiifanya kazi hiyo. Ipo maika ya kutengenezwa kiwandani, inayoandikwa florofilogopaiti kwenye orodha. Ni ghali kidogo, lakini ni angavu kuliko ya kuchimbwa, na kwenye resini tofauti huonekana kwa macho.

Pakiti mpya ikifika, usiitie kwenye sabuni ya oda nzima. Toa vijiko viwili vitatu vya mchanganyiko mbichi, tia chembe ya unga, funika, uangalie kesho yake. Rangi itakayovunjika mara nyingi hujionyesha ndani ya siku moja. Acha kipande hicho dirishani wiki kadhaa kando ya kingine kilichofichwa kabatini, uone kama jua linaipenda.