Je, Wajua? Kwa Nini Wimbo Uleule Hugeuka Maana Ukiimbwa na Mtu Mwingine

Mwaka 1965 Otis Redding, mwimbaji Mmarekani wa lebo ya Stax ya Memphis, alitoa wimbo alioutunga mwenyewe, "Respect", yaani heshima. Anayesema humo ni mwanamume mwenye kipato. Anamwambia mpenzi wake: nikiwa sipo fanya utakavyo, pesa zangu chukua, ila nikirudi nyumbani niheshimu.

Tarehe 14 Februari 1967 Aretha Franklin, naye mwimbaji Mmarekani, aliurudia katika studio za Atlantic, New York. Sasa anayesema ni mwanamke, na pesa ni zake. Wala haombi kuvumiliwa. Anasema hatamkosea mwenzake kwa kuwa yeye mwenyewe hataki kumkosea. Maneno machache tu yamebadilika, lakini aliyekuwa akidaiwa heshima ndiye sasa anayeidai.

Kilichobaki kilifanywa na sauti. Kwa Otis neno lenyewe hupita kwa kasi, limebebwa na matarumbeta. Aretha anawanyamazisha wapigaji, kisha analitaja herufi moja moja, kama mwalimu anayemwandikia ubaoni mwanafunzi asiyetaka kuelewa. Sehemu hiyo haimo kabisa katika wimbo wa Otis. Nyuma yake wanaitikia dada zake, Carolyn na Erma. Aretha alikulia kanisani Detroit, ambako baba yake, C. L. Franklin, alikuwa mhubiri mashuhuri, na huko mmoja huita, wengine huitika. Kwangu mimi, siri ya wimbo iko hapo. Mwanamke mmoja akilalamika, huo ni ugomvi wa nyumbani. Akiitikiwa na wenzake, ni madai ya watu wengi.

Ndivyo ulivyopokelewa. Marekani ya wakati ule Weusi walikuwa wakipigania haki zao, na wanawake nao wakidai zao. Wote waliusikia wimbo huu kuwa wao. Juni 1967 ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na mwezi huohuo, jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, Otis akawaambia watazamaji kuwa kuna msichana amemnyang'anya wimbo wake.

Umiliki wa kisheria, hata hivyo, haukuhama. Nchini Marekani redio za kawaida hulipa mirabaha kwa upande wa mtunzi, si kwa mwimbaji. Kwa hiyo kila "Respect" ya Aretha inaporushwa hewani huko, malipo huenda upande wa Otis.