Mradi Mmoja wa Karafuu kwa Walimu wa Masomo Matano

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, wanafunzi wetu wa sekondari wanachuma, wanachambua na wanaanika pamoja na wazee wao. Kisha wanakwenda skuli na kunakili ubaoni maelezo ya jinsi maji yanavyogeuka mvuke. Sisi tunaoshughulika na mitaala tunawaomba walimu wa sayansi wayakutanishe mambo hayo mawili, na kazi hiyo wasiifanye peke yao.

Mradi unaofundisha huanzia kwenye swali. Ukianza na mada tu, "tufanye mradi wa karafuu", utaishia na mabango ya picha ukutani, na kila somo litakuwa limebandikwa kwa gundi. Kwa Kidato cha Tatu tunapendekeza swali hili: kwa nini majirani wawili wachume wiki moja, halafu karafuu za mmoja zipokelewe daraja la kwanza na za mwengine zishushwe?

Kila kundi lipime mafungu matatu ya karafuu mbichi zilizokwisha chambuliwa, gramu 300 kila moja. Mizani ya jikoni inatosha. Fungu moja lianikwe juani juu ya jamvi, jengine juani juu ya sakafu ya saruji, la tatu kivulini. Yapimwe kila siku saa ile ile. Karafuu ikikauka hupoteza takriban theluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo fungu lililoanikwa vizuri litasogea karibu na gramu 100. Mstari wa grafu utaporomoka mwanzoni, halafu utaanza kulala, ingawa jua ni lile lile. Mwalimu asikimbilie kueleza. Maji yaliyo juu ya punje huondoka upesi; yaliyo ndani ya seli lazima yasafiri kwanza mpaka nje, na safari hiyo ndiyo inayochukua siku. Mwanafunzi akiligundua hilo kwa kubishana na wenzake, mwalimu wa fizikia na wa biolojia wamepata kipindi kimoja cha pamoja, na wa hisabati ana asilimia na mteremko wa grafu yenye maana.

Mvua ikinyesha siku ya pili, takwimu zisifutwe. Fungu lililolowa, au lililorundikwa bichi usiku kucha likapata joto na kuvunda, lina habari kubwa kuliko lililokauka salama: rangi yake na harufu yake zinajibu sehemu ya swali letu.

Waalikeni pia wazee. Bibi aliyezoea kuanika huchukua punje akaivunja kwa vidole: ikikatika kwa mlio imekauka, ikipinda bado. Wanafunzi wavunje punje kumi kila siku, waandike zilizokatika, na waziweke kwenye grafu moja na uzito. Hapo ujuzi wa bibi unapimwa kwa heshima, kama kipimo chengine chochote. Mahojiano hayo yasimamiwe na mwalimu wa Kiswahili. Ripoti itaandikwa kwa Kiingereza kwa sababu mtihani wa sayansi uko hivyo, lakini mabishano yaanze kwa lugha wanayoifikiria.

Makonyo, yaani vijiti vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua, yasitupwe. Yakichemshwa na maji, mvuke ukapozwa, hutoka mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni yujeno, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Yujeno pekee huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi, lakini hapa inatoka chini ya nyuzi 100, kwa sababu kanieneo (presha) la mvuke wake likijumlishwa na la mvuke wa maji hufikia kanieneo la hewa mapema. Kabla ya kuonesha matokeo, waulize wanafunzi mafuta yatakaa wapi. Wengi watasema juu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Jaribio hili alifanye mwalimu mwenyewe. Vyombo ni vya moto na mafuta hayo huwasha ngozi na macho.

Historia nayo ina nafasi yake ya haki. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kikaiacha Pemba kwa sehemu kubwa, na mkarafuu mchanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Ndiyo maana kitovu cha karafuu kikahamia huku. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na sheria haikuufuta utumwa Zanzibar mpaka 1897. Hilo lisemwe wazi darasani.

Wazazi huuliza kama mradi unakula muda wa mtihani. Hali za maada, kutenganisha mchanganyiko na usafirishaji ndani ya mmea vyote vimo katika muhtasari wa somo. Kinachobadilika ni mahali pa kuvifundishia. Walimu wakae pamoja kabla ya msimu, kila mmoja aje na mada aliyokuwa aifundishe hata hivyo. Asiyepata yake asilazimishwe kuingia.

Alama za kundi peke yake humficha aliyekaa pembeni. Mpeni kila mwanafunzi grafu ya kundi jengine, bila maelezo, aseme fungu lipi lilikuwa kivulini na amejuaje.