Peyote haina arosto kama unga, ila usiichukulie poa

Vijiweni hapa Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Igoma, kuna stori ya siku nyingi kwamba yule kaktasi wa Meksiko, peyote, ukionja mara moja tu umeshakuwa teja. Sio kweli aisee. Kilichomo ni kemikali inaitwa meskalini, ambayo Mjerumani Arthur Heffter aliitenga mwaka 1897, na mwili hauitegemei kama heroini: hakuna arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa, na ukirudia siku mbili tatu mfululizo inaacha kufanya kazi, dozi ileile unaiona kama maji.

Sasa wengine wakisikia hivyo wanasema basi ni salama, mmea tu, hapo ndo wanapobugi. Kwanza unatapika, halafu moyo unaenda mbio, presha inapanda, ukuta unauona unapumua, rangi zinacheza, na hali hiyo inaweza kwenda saa 10 hadi 12, huwezi kuikatisha katikati. Mtu akiingiwa na hofu pale juu ya mawe ya Capri Point au kwenye mtumbwi, anaweza kujirusha akiamini anakimbizwa. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili kwao ndo kabisa asiguse.

Matibabu? Methadoni haihusiki, hiyo ni ya heroini na jamii yake. Akizidiwa mpelekeni hospitali, atawekwa sehemu tulivu, ikibidi apewe dawa ya kutuliza, na anayeshindwa kuacha anasaidiwa kwa ushauri nasaha.

Na ile minyaa ya uzio kwa bibi sio kaktasi jamani, msijaribu, utomvu wake unaunguza macho vibaya.