Zilipendwa redioni sio kuchomeka flash

Wiki hii nimeambiwa tena, "kaka kazi yako tamu, unachomeka flash unakunywa chai." Nafanya kipindi cha zilipendwa hapa Arusha kila Jumapili asubuhi na hiyo kauli nimeichoka, leo naijibu.

Flash kila mtu anayo. Jamaa wa stendi anakujazia nyimbo kibao kwa bei ya soda. Sasa ifungue uone, nusu zimeandikwa "Track 07" na zilizobaki zote zimeandikwa Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gita. Gita likiwa tamu tu basi Mbaraka. Marehemu alifariki Januari 1979, ajali ya gari huko Mombasa, sasa wimbo wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, wa miaka ya themanini kauimba saa ngapi jamani?

Au mtu anaandika "nipigie ya Gurumo," yaani mwimbaji Muhidin Gurumo. Gurumo yupi? Yule wa NUTA Jazz, wa Mlimani Park iliyoanza 1978, wa Safari Sound alikohamia 1985, au aliyerudi Msondo? Sauti ni ile ile ila solo, tarumbeta na tumba ni watu wengine kabisa. Na Msondo yenyewe imekuwa NUTA, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, maana jumuiya ya wafanyakazi iliyokuwa inaimiliki ilikuwa inabadili jina na bendi inafuata.

Kinachonikera zaidi ni hiki, nikipiga Simba Wanyika simu zinaingia, "mbona unatuwekea Wakenya?" Wilson Peter na George Peter ni vijana wa Tanga, walikuwa Jamhuri Jazz, 1970 wakaja HAPA HAPA Arusha wakaunda Arusha Jazz, mwaka uliofuata ndo wakahamia Kenya na jina likawa Simba Wanyika. Mtu wa Ngarenaro ananibishia kuhusu bendi ya mjini kwake.

Halafu chemko. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, maneno yanaisha, ndo chemko inaingia, solo inapanda, tarumbeta zinajibu, waimbaji wanaitikiana, mtu anaacha bia yake anainuka. Dakika nane zinaweza kuisha hivyo. Meneja wa vipindi anataka nne ili tangazo la mabati liingie. Kukata hapo ni kumnusisha mtu nyama choma halafu unamwambia jiko limezimwa. Kwa hiyo natanguliza matangazo yote, naongea juu ya ala za mwanzo mpaka sekunde moja kabla mwimbaji hajafungua mdomo (hiyo sekunde unaijua kwa masikio, hakuna saa ya kukuambia), na salamu nasoma kati ya wimbo na wimbo. Juu ya chemko hapana, hata ziwe za baba mkwe.

Spidi sasa. Nyimbo nyingi zilirekodiwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali) kwenye tepu, mtu nyumbani akazinasa redioni kwa kaseti, miaka imepita ndo zikaingia kwenye kompyuta. Kama rekoda yake ilikuwa na betri zilizochoka, mkanda ulitembea polepole wakati wa kunasa, ukiucheza kwenye deki nzima wimbo unakimbia na mtu mzima anaimba kama katoto. Mimi nachukua gita nafuatisha, sauti ikiangukia katikati ya noti mbili najua spidi imehama, narekebisha. Ila niseme ukweli, bendi zenyewe zilikuwa zinatuni kwa masikio, so kuna siku nawaza labda nanyoosha kitu ambacho hakikupinda.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Mpaka redio binafsi zinaanza miaka ya tisini, kurekodi hapa nchini kwa sehemu kubwa ilikuwa RTD, Dar, na maneno yanapitiwa kwanza. Bendi ya mikoani ambayo haikupata nauli wala nafasi haina tepu. Mzee mmoja wa Sombetini hunipigia ananiimbia nyimbo walizokuwa wanacheza ujanani hapa mjini, na sina cha kumpigia. Sasa hizi tunazoita zilipendwa, zilipendwa na nani, au ndo zilizofika Dar tu? Jibu sina, na kipindi kinaendelea.

Mshahara tusiuongelee, Jumamosi nakuwa MC wa send-off Njiro na kodi inalipwa huko.

Ukiomba wimbo andika bendi, ukijua mtindo (jina la staili ya bendi, kama Sikinde ya Mlimani Park) andika na mtindo. Hujui vyote niimbie hiyo chemko kwenye voisi noti, kuimba vibaya ruksa.