“Mbona wananilipa?”

Nimeulizwa tena kuhusu mipango ya uwekezaji inayoahidi faida kubwa, na safari hii na mtu mwenye shahada ya uhasibu: “Kama ni matapeli, mbona wananilipa kila mwezi?” Swali hili nimelijibu kwa upole miaka na miaka. Leo upole umeniishia, nalijibu kwa hesabu.

Chukua mpango unaoahidi asilimia 10 kwa mwezi. Watu 1,000 wanaweka 100 kila mmoja, kwa fedha yoyote unayoitaka. Mwenye mpango ana 100,000 mkononi. Hanunui hisa, hanunui hati fungani, hawekezi popote. Mwisho wa mwezi anadaiwa “faida” ya 10,000. Lakini hatailipa yote, maana wengi wakiona salio linapanda kwenye simu huliacha lizidi kuzaa. Tuseme saba katika kila kumi wanaliacha. Fedha inayotoka kweli ni 3,000. Sasa gawanya: anaweza kulipa miezi 33 bila kuchelewa, na bila kumpata mwanachama mpya hata mmoja. Yule anayetoa faida yake kila mwezi naye, miezi kumi ya mwanzo anarudishiwa 100 yake mwenyewe kidogo kidogo, na anashukuru.

Ndiyo maana huniudhi kusoma kila mahali kwamba mipango hii huanguka mara tu wanachama wapya wanapokauka. Watu wanaushika ushauri huo vibaya: wanaona mwaka umepita, mpango bado unalipa, wanahitimisha kuwa ni halali. Kinachoharakisha anguko mara nyingi ni ulafi wa mwenye mpango, anayenunua magari kwa mtaji uleule anaopaswa kuwalipia nyinyi. Tapeli mwenye nidhamu hudumu. Malipo ni chambo, na chambo kisicholiwa hakina kazi.

Ukubwa wa faida nitaupitia haraka. Asilimia 10 kwa mwezi ikiachwa izae, 100 inakuwa 314 kwa mwaka, na kwa miaka mitano inapita 30,000. Mwenye siri ya namna hiyo angekopa benki akatajirika kimyakimya. Asingekuwa anakupigia simu jioni.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni hiki: biashara wanayoitaja, je, inatosha kubeba fedha wanazokusanya? Charles Ponzi, kule Boston mwaka 1920, aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, eti kwa kununua kuponi za posta za kimataifa (vyeti vinavyobadilishwa kwa stempu) katika nchi moja na kuzibadilisha katika nyingine. Walipokaa kuhesabu, ilionekana kwamba kwa fedha alizokusanya angehitaji kuponi kama milioni 160. Zilizokuwa zikizunguka duniani zilikuwa kama 27,000. Kuuona uongo huo hakukuhitaji utaalamu wa fedha, ilitosha kuuliza kuponi ziko wapi. Leo badala ya kuponi utaambiwa dhahabu, mashamba, fedha za kigeni, au roboti inayonunua na kuuza usiku kucha. Swali ni lilelile.

Sasa kosa la pili, ambalo hata wasomi wanalo: kwamba faida ndogo ni salama. Bernard Madoff, meneja wa fedha wa New York, hakuahidi kumtajirisha mtu kwa siku 45. Wateja wake walionyeshwa kitu kama asilimia 10 au zaidi kidogo kwa mwaka, kwa utulivu, mwaka baada ya mwaka. Alipokamatwa Desemba 2008, taarifa za akaunti za wateja zilionyesha jumla ya dola kama bilioni 65, nyingi ya hizo hazikuwahi kuwapo. Cha kutisha hapo si ukubwa wa faida, ni ulaini wake. Soko la hisa hupanda na kuanguka. Mfuko unaodai uko sokoni humo, halafu mwezi wa hasara unauona kwa nadra, unapaswa kukunyima usingizi. Harry Markopolos, mchambuzi wa fedha, aliliona hilo na kuanza kuwaandikia wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani tangu mwaka 2000. Hesabu yake ilifanana na ile ya kuponi: opsheni (mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa) ambazo mkakati wa Madoff ulizihitaji zilizidi zilizokuwapo sokoni. Hawakumsikiliza.

Hapo ndipo ninapoyumba. Kazi yangu inanidai nikwambie “angalia leseni”, na nakwambia: angalia, na ujue kwamba cheti cha kusajili kampuni si kibali cha kupokea fedha za umma. Lakini Madoff alikuwa amesajiliwa, aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ la Marekani, na wakaguzi waliingia ofisini kwake zaidi ya mara moja wakatoka mikono mitupu. Leseni huchuja matapeli wa rejareja. Kwa wakubwa, naamini zaidi swali moja: nani anashika mali? Kwenye mfuko wa pensheni unaoendeshwa vizuri, meneja anaamua cha kununua, benki nyingine inashika mali, wadhamini wanasimamia, mkaguzi wa nje anahakiki. Madoff alishika mali mwenyewe, na mkaguzi wake alikuwa kampuni ndogo isiyojulikana.

Kuna mjanja atakayesema pensheni za serikali nazo huwalipa wazee kwa michango ya vijana, tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba utaratibu huo umeandikwa katika sheria, michango ni ya lazima, na upungufu unaweza kupimwa na kutangazwa. Nakiri, hata hivyo, kwamba mfuko ulioahidi mafao usioweza kuyabeba, na hakuna kiongozi anayethubutu kugusa viwango, unanipa wasiwasi unaofanana na ule wa mipango ya matapeli. Nia njema haibadilishi hesabu.

Mwingine ananiambia anajua ni utapeli, ila ataingia mapema na kutoka mapema. Baada ya Madoff, mfilisi aliyeteuliwa kukusanya mali, Irving Picard, aliwafuata mahakamani hata watu wasiojua lolote, waliotoa zaidi ya walichoweka, ili walioumia walipwe.

Na kama kiinua mgongo chako tayari kimo humo, na sasa unaambiwa “mfumo unaboreshwa” au ulipe ada kwanza ndipo utoe fedha, usiilipe hiyo ada. Tunza kila ujumbe na kila risiti, nenda polisi na kwa msimamizi wa sekta. Baada ya wiki chache atakupigia mtu mwenye sauti ya wakili, akiahidi kukurejeshea fedha zote kwa malipo kidogo ya kuanzia. Namba yako ameipata kwenye orodha ileile ya waliotapeliwa.