Mionzi ya asili katika udongo, kokoto na matofali ya nyumba

Kila tofali lina mionzi kidogo, liwe la udongo, la saruji au la kuchoma. Inatokana na uraniamu-238, thoriamu-232 na potasiamu-40 zilizomo kwenye miamba tangu ilipoumbika. Wastani wa dunia kwa vifaa vya ujenzi ni takriban bekereli (kipimo cha mionzi: atomu moja kuvunjika kwa sekunde) 50 za uraniamu, 50 za thoriamu na 500 za potasiamu kwa kila kilo. Kwa hiyo anayejenga aanze kwa kuuliza udongo, mchanga na kokoto vimechimbwa wapi.

Mawe ya matumbawe na chokaa ya pwani kwa kawaida yana mionzi kidogo kuliko matale (graniti). Lakini hukohuko pwani, Kwale nchini Kenya, kilima cha Mrima kina udongo wenye thoriamu nyingi kuliko kawaida, na kule Minjingu, mkoani Manyara, Tanzania, mwamba wa fosfeti una radiamu (inayozaliwa uraniamu inapovunjika) ya maelfu ya bekereli kwa kilo. Udongo na mabaki ya machimbo ya aina hiyo hayafai kufyatulia matofali wala kujazia msingi, hata ukipewa bure.

Maabara ikikupa majibu, hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa radiamu kwa 300, thoriamu kwa 200, potasiamu kwa 3000, kisha jumlisha. Tofali lenye 60, 80 na 900 linatoa 0.2 + 0.4 + 0.3, yaani 0.9. Likizidi 1, kuta zake zinaweza kumpa mkazi zaidi ya milisiveti 1 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka, na hapo vipimo zaidi vinahitajika. Kikomo hicho ni cha kuta na zege. Vigae, au bamba la matale juu ya meza ya jikoni, ni vyembamba na vichache. Havistahili hofu inayosambazwa juu yake.

Sampuli ya kilo moja hukaushwa, husagwa, huchekechwa, kisha hufungiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa takriban wiki nne ili radiamu na vizalia vyake, yaani vitu vinavyozaliwa inapovunjika, vifikie mionzi inayolingana. Ndiyo maana majibu huchelewa. Peleka mapema, kabla ya kuagiza malori. Kwa Tanzania mahali pa kuanzia ni Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), Arusha.

Madhara makubwa hayatoki kwenye ukuta moja kwa moja, yanatoka kwenye hewa. Radiamu huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na vizalia vyake hunasa kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa radoni husababisha asilimia 3 hadi 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi, na mvutaji sigara yuko hatarini zaidi. Linapendekeza kiwango kisizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, au 300 pale ambapo 100 haiwezekani.

Sehemu kubwa ya radoni hupanda kutoka ardhini. Tandika nailoni nzito chini ya zege la sakafu, ziba nyufa na matundu ya mabomba, na usifunge madirisha mchana kutwa kwa sababu ya kiyoyozi.

Nyumba ya udongo ina jambo lake. Thoriamu huzaa thoroni, ambayo nusu yake huisha kwa sekunde 56 tu, hivyo gesi hiyo hujaa karibu na ukuta. Lipu isiyo na nyufa huizuia vizuri, kwa kuwa huisha kabla haijapenya. Watu wengi hupiga lipu sebuleni wakaacha nyuma ya kabati na chumba cha watoto. Kitanda nacho kisiegemee ukuta mtupu. Kisogeze nusu mita. Dirisha bado linahitajika, kwa sababu kizalia kimoja cha thoroni, risasi-212, hudumu saa nyingi na huenea chumba kizima.

Ukipima radoni, weka kifaa chumba cha kulala kwa miezi mitatu, urefu wa mita moja hivi, mbali na dirisha. Usikibandike kwenye ukuta wa udongo: baadhi ya vifaa haviwezi kuitenga thoroni, na namba itapanda bure.